Likizo ya Kuzima Pampu

Wazo la kwenda baharini lilikuwa la Mwenyekiti, na mpaka leo sijasikia ujinga uliosemwa kwa sauti nzuri kama ule. Alisimama mbele ya chama, akakohoa, akajishika mkanda wa suruali, akasema, "Ndugu zangu, mnunuzi anatudharau. Kila lori lake likija linakuta mafuta yanamsubiri. Tuzime pampu zote kwa wiki mbili. Atakuja kupiga magoti, na bei atapandisha mwenyewe." Watu wakapiga makofi mpaka viti vikalia.

Ndipo Mstaafu akauliza. Huyu mzee alifanya kazi benki miaka mingi, na hamwamini mtu hata anayemsalimia. "Na usiku," akasema, "nani atatuhakikishia kwamba hakuna mtu anayewasha pampu yake kimya kimya?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Tunajuana, bwana.

"Basi twendeni wote mahali pamoja," akasema Mwenyekiti. "Baharini. Tupumzike, na kila mtu amwone mwenzake kwa macho yake."

Hivyo ndivyo tulivyopata likizo. Tulikwenda kulindana.

Nieleze kidogo, maana wengine mkisikia mafuta mnaona utajiri. Sisi ni wenye visima vidogo vya mafuta ghafi. Kampuni kubwa ilifyonza ikashiba ikaondoka, na waliobaki na mashamba wakabaki na visima vikongwe ambavyo bila pampu havitoi hata tone; wengi baadaye wamechimba vipya, vikongwe vimebaki vichache. Pampu inapanda na kushuka mchana na usiku, mafuta yanatoka pamoja na maji, unayachuja, unayapeleka kwenye tangi la chama, lori linakuja. Asiye mwanachama hana tangi, na asiye na tangi anaweza kuoga hayo mafuta yake akitaka. Mume wangu ana kisima kimoja, kule bondeni nyuma ya nyumba. Alikuwa na viwili.

Hicho cha pili ndicho chenye maneno. Miaka ya nyuma pampu yake iliharibika, na mume wangu, kwa ubahili wake, akakaa mwezi mzima akitafuta kipuri cha bei rahisi. Tulipowasha tena yakatoka maji matupu. Kisima kikongwe ukikisimamisha, maji ya chini yanapanda, mchanga unatuama, na njia ya mafuta inaziba. Mafuta yenyewe hayafi, yanahama. Yalihamia kisima cha jirani, na jirani alikuwa baba yangu mzazi, ambaye mwaka ule alibadilisha bati la nyumba nzima huku akimshukuru Mungu. Mume wangu aliona aibu kusema alikiua mwenyewe. Akatangaza kwamba kimekauka, tukakiziba kwa saruji, na mimi nikawa nasema hivyo hivyo, kimekauka. Mke si ndiye wa kumfunika mumewe?

Baba alipofariki, kisima chake alikirithi mdogo wangu. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, hajui hata valvu inafungwa upande gani. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kila kitu. "Shemeji ndiye chuo changu," alikuwa akisema, na akisema hivyo mume wangu anatabasamu kama bwana harusi.

Siku ya kuzima, chama kizima kilizunguka shamba kwa shamba kushuhudia. Tulipofika kwa mdogo wangu, yeye akashika swichi, akageuka. "Shemeji, tuzime?"

Mume wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Nilijua, na nilijua kwamba anajua, na nikajiambia mwanamume ndiye mwenye visima, acha aseme mwenyewe.

"Zima, shemeji," akasema. "Umoja ni nguvu."

Pampu ikashuka mara ya mwisho, ikabaki pale chini. Watu wakapiga makofi tena. Sisi watu kwa makofi hatujambo.

Hoteli ilikuwa ya bei ya chama: vyumba vya ghorofa moja vilivyopangwa mstari, feni inayogugumia, viti vya plastiki vilivyopauka kwa jua. Lakini bahari ilikuwa pale pale mbele, na hiyo haina daraja la kwanza wala la pili. Kuanzia asubuhi wanaume walikaa kwenye mchanga na kaptula zao, miguu ambayo haijaona mwanga tangu shule ya msingi, wakipanga mambo ya dunia.

"Sasa hivi mnunuzi anajikuna kichwa," anasema Mwenyekiti.

"Kichwa gani? Amelala," anasema Mstaafu. "Ana visima vya kununua kila upande. Sisi kwake ni tone."

"Tone kwa tone ndoo hujaa!"

"Hujaa ndoo ya nani?"

Wanacheka, wanaagiza soda nyingine. Kila simu ya mtu ikilia, wote wanageuza shingo kuona nani anapiga na anaongea nini. Mtu akienda chooni akakawia, Mstaafu anamwita kwa jina la utani kutoka nje. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu.

Mdogo wangu ndiye aliyefurahi kwelikweli. Hajawahi kupumzika huyu, maisha yake yote ni usukani. Alikuwa anamvuta mkewe majini, mkewe anapiga kelele kwamba khanga inaloa, yeye anasema khanga imetoka kiwandani ikiwa imeloa. Wifi yangu ni fundi cherehani, mtu wa kimya, lakini pale hata yeye alikuwa anacheka kwa sauti. Jioni moja wakakaa na sisi wawili mkekani, mdogo wangu akaanza kutoa mipango. Bei ikipanda atamwekea mkewe chumba cha cherehani mbele ya nyumba, chenye dirisha la barabarani. Halafu binti yao aende chuo cha uuguzi.

"Lakini kwanza bomba jipya la kisima," akasema. "Si ndiyo shemeji? Ng'ombe kwanza, maziwa baadaye."

"Ndiyo, shemeji," mume wangu akasema, akampigapiga begani. "Sasa umekuwa mwenye kisima."

Nikaona kabisa mtu anavyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na anayepakwa ni tumbo moja na mimi.

Usiku ule ule niliingia chumbani nikasikia bomba la bafuni linamwaga maji. Nikasubiri. Maji yanamwagika tu, hakuna anayeoga. Nikasogea mlangoni.

"...mchana mzima iendeshe," mume wangu alikuwa anamwambia kibarua wetu kwa simu. "Kule bondeni nani atasikia? Na usimwambie mtu. Hata mkeo."

Alipotoka alinikuta nimesimama pale pale. Hakushtuka. Alifunga bomba, akaweka simu mfukoni.

"Kumbe tumewasha," nikasema.

"Tangu siku ile ile tuliyoondoka. Ulitaka nikizike na hiki?"

"Na kisima cha mdogo wangu?"

Akakaa kitandani. "Mimi sikumwambia azime. Ni uamuzi wa chama."

"Alikuuliza! Mbele yangu alikuuliza, ukamwambia umoja ni nguvu!"

"Punguza sauti." Akaangalia ukuta. Upande wa pili wa ukuta alikuwa Mstaafu. "Ningesema nini? Wenye visima vipya wakizima wiki mbili hawapotezi kitu, wataniona mimi ndiye msaliti. Na wakijua sababu, wataniuliza nimejuaje. Nianze kusema kile cha kwanza nilikiua mwenyewe?"

"Sema! Utakufa?"

"Wewe hukusema. Ulikuwa pale pale, na ni mdogo wako, si wangu."

Nilitaka kumrarua. Lakini alisema kweli. Tukakubaliana kwamba kesho yake atamwita shemeji yake pembeni, amweleze kiume, awashe pampu kabla mambo hayajaharibika. Siku chache zilikuwa zimepita, labda kilikuwa bado kinaokolewa.

Kesho yake akaenda kuogelea. Nikamuuliza jioni, akasema kesho. Kesho ya pili akasema kichwa kinamuuma.

Na mimi je? Mimi niliyekuwa na mdomo wa kumgombeza, ulimi wangu ulikuwa wapi mbele ya mdogo wangu? Nitasema yote, maana nikificha hili hadithi nzima ni ya uongo. Ile asubuhi ya pili nilikuwa nimelala kwenye mchanga, macho nimefumba, nikakumbuka bati jipya la baba. Kisima cha jirani kikifa, mafuta yanahamia kwako. Nikaliona wazo lile linaingia, nikaliacha likae. Nikajenga nalo jiko jipya. Nikaweka na vigae. Halafu nikasikia wifi anaita, "Wifi, njoo majini, usilale kama gunia!" na nafsi ikanisuta. Nikainuka nikaenda majini, nikacheka naye. Binadamu ni mnyama gani huyu, jamani?

Siku ya tatu ya zile kesho zake nilipiga moyo konde. Mdogo wangu alikuwa anatembea peke yake majini, maji yanamfika magotini, suruali ameikunja. Nikamfuata.

"Piga simu nyumbani," nikamwambia. "Wawashe pampu yako. Leo, sasa hivi."

"Dada, jua limekupiga?"

Nikamweleza. Mchanga, maji ya chini, kile kisima cha kwanza ambacho hakikukauka bali tulikiua. Hata bati la baba nilimwambia. Alinisikiliza bila kunikatiza, na kadiri nilivyozidi kuongea ndivyo nilivyozidi kutamani anikatize, anitukane, anisukume nianguke.

"Shemeji anajua haya?"

"Yeye ndiye mwenyewe."

"Na chenu sasa hivi?"

Aliniangalia usoni, akaniangalia tena, akajijibu mwenyewe.

"Kinafanya kazi."

Aliinama akachota maji ya bahari akajinawisha uso, chumvi na yote, akasimama akiwa amefumba macho.

"Piga simu," nikasema. "Nakuomba."

"Chenu kiko bondeni, dada. Changu kiko kando ya barabara. Nikiwasha, watu wataiona pampu inapanda na kushuka, na kabla jua halijazama Mwenyekiti atakuwa amepigiwa simu. Wataniuliza kwa nini. Nitasema nini?"

"Sema nimekwambia mimi."

"Nikikutaja wewe nimemtaja yeye. Utaratibu wa chama unaujua. Anafukuzwa siku hiyo hiyo, na ananyimwa tangi. Watoto wako watakula nini?"

"Na wako?"

Akatazama kule mchangani, mkewe alipokuwa anakamua khanga. "Labda hakitakufa," akasema. "Si alikuwa anasema baba, kisima chetu kina roho ngumu?"

"Dogo, hii si roho. Ni mchanga na maji."

"Basi niache nijaribu bahati yangu. Usimwambie wifi yako. Na shemeji usimwambie kama najua, atashindwa kuniangalia." Akatabasamu, tabasamu la kulazimisha. "Bado siku kadhaa tunakula meza moja, dada. Tutakulaje?"

Nikamwomba mara ya pili, mara ya tatu. Hayo nawaambia ili mjue nilimwomba. Lakini alipokataa mara ya mwisho akaanza kutembea kuelekea nchi kavu, mimi nilibaki majini, na Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Mume wangu amepona. Nyumba yangu imepona. Nililia baadaye, ila kwanza nilishusha pumzi.

Zile siku zilizobaki aliendelea kumwita mume wangu shemeji, akamletea soda, akamsogezea kiti kivulini. Mume wangu akaniambia usiku, "Unaona? Hata hana wasiwasi. Labda tunajitesa bure." Nikamgeuzia mgongo.

Tukarudi. Mnunuzi hakupiga magoti, hata kuinama hakuinama. Alikuwa amejaza malori yake kwingine, na siku alipokuja alimuuliza Mwenyekiti kama bahari ilikuwa na joto. Bei ikabaki pale pale.

Mdogo wangu aliwasha pampu yake mbele ya watu wa nyumbani mwake, mimi nikiwemo. Ikapanda, ikashuka, ikapanda. Bomba likakoroma, likatema matope, kisha maji. Tukasubiri. Maji. Akaiacha iendelee mpaka siku ya pili, na ya tatu, akamwita fundi, fundi akateremsha vyombo vyake, akavipandisha vimejaa mchanga, akatikisa kichwa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sindano mdomoni, kitambaa mkononi. "Si kitakaa sawa?" akaniuliza. "Si ndivyo vinavyokuwa mwanzoni?"

"Ndivyo," nikasema.

Chama kikaitwa. Wengine wote walikuwa wamewasha salama, maana vya kwao ni vya juzi, vina nguvu. Mwenyekiti akatoa pole ndefu. Lakini Mstaafu hakuridhika, akanyoosha kidole chake chembamba.

"Mimi nauliza. Kisima cha huyu kijana kimekufa kwa sababu ni kikongwe, sawa. Na cha shemeji yake? Vimechimbwa mwaka mmoja. Vyote vimezimwa siku moja. Mbona kimoja kimekufa na kingine kinatoa kuliko zamani?"

Ukumbi mzima ukageuka. Jasho lilikuwa linamtoka mume wangu mpaka kwenye kidevu. Nikajua yamefika, na nikasema moyoni, sasa nasimama. Nasimama mimi, niseme, liwalo na liwe.

Aliyesimama ni mdogo wangu.

"Mzee, kosa ni langu," akasema. "Bomba langu lilikuwa limetoboka tangu kabla ya safari, maji yalikuwa yanaingia. Shemeji aliniambia nitengeneze, mara nyingi aliniambia. Nikapuuza. Msimsumbue."

Wakamshambulia wote kwa pamoja. Mzembe! Urithi wa baba yake! Dereva ni dereva tu, angeendelea na usukani wake! Mwenyekiti akasema marehemu lazima anageuka kaburini. Mdogo wangu alisimama akapokea yote, kichwa ameinamisha, na mara moja tu akaniangalia, akanitikisia kichwa kidogo sana, kwamba kaa.

Nikakaa. Hakuna aliyenishika. Mume wangu alikuwa hata hanioni. Miguu ilikuwa yangu, mdomo ulikuwa wangu, na nilikaa mpaka kikao kikafungwa na watu wakaanza kuulizana habari za nyumbani.

Baada ya hapo mume wangu akampa kazi ya kusimamia pampu yetu. Alidhani anafanya wema. Labda ni wema, mimi sijui tena. Mdogo wangu anakuja alfajiri, ananiamkia, anateremka bondeni. Mchana akipanda kula hatuongei sana. Anamsifia mume wangu mboga za bustani. Mume wangu siku hizi anakula haraka haraka, anaondoka mezani kabla hajashiba.

Juzi alikuja wifi. Alikuwa amebeba mfuko, akaufungua taratibu, akatoa kitambaa cha meza alichokishona mwenyewe, maua pembezoni, kazi ya siku nyingi ile. Nikamwambia wifi, hii ungeiuza.

"Siuzi," akasema. "Hii ni yako. Nimekuja kushukuru. Mume wangu kila siku ananiambia, kama si dada na shemeji, sisi tungekuwa barabarani. Angeniacha akarudi kwenye malori, wifi, na mimi yale malori nayaogopa."

"Ni wajibu tu," nikasema.

"Si wajibu. Ndugu wangapi wangefunga mlango?" Akakitandaza kitambaa kwenye meza yangu, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili mpaka kikatulia. "Na ananiambia kisima chenu kimepanda tena mwezi huu. Nimefurahi, wifi, haki ya Mungu nimefurahi. Kama chetu kilikuwa ni cha kufa, basi afadhali baraka imeangukia kwa ndugu, haikwenda kwa mtu baki."

Nikamwambia asante. Nikamwuliza kama atakunywa chai, akasema atakunywa, nikaingia jikoni kumchemshia.